Kipande cha Mwau

Mimi ndiye mwanamume pekee katika mwethya wa akina mama wa kijiji chetu, na kama kuna mtu anaona jambo hilo linachekesha, acheke sasa amalize, kwa sababu nina mengine ya kusimulia. Mke wangu Muthoki alikuwa mwanachama tangu kundi lianze. Alipofariki, mwenyekiti alikuja nyumbani baada ya mazishi akaniuliza kama jina lake lifutwe. Nikasema lisifutwe. Sikuwa nimefikiria. Muda si mrefu nilijikuta kwenye shamba la watu, jembe la marehemu mkononi, nikichimba katikati ya wanawake waliokuwa wakiimba na kunitazama kwa pembe ya jicho.

Mwethya ni kazi ya zamu. Leo tunachimba kwako, wiki ijayo kwangu, mpaka kila mtu afikiwe. Mwenyekiti hupima kwa fimbo, kila mmoja hupewa kipande chake cha tuta, na hakuna anayekwenda kula kabla hajakimaliza. Mwenye shamba ndiye anayepika. Zamu yangu ilipofika mara ya kwanza niliunguza muthokoi, mahindi yakashika sufuria tukayakwangua kwa mwiko, na wanawake wale wakala huku wakinisifu kwa sauti kubwa. Tangu siku hiyo wananiita Mama Kimeu. Kimeu ni jina langu. Nimeendesha lori la maji maisha yangu yote, nimepita njia ambazo hata ng'ombe wanazikataa, na hakuna aliyewahi kuniita mama. Sasa nimezoea.

Lakini ninayetaka kumsimulia ni Mwau, mwanangu, na jinsi tulivyomtafutia mahali pa kutibiwa pombe.

Mwau ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ukifika sokoni Mutomo, mageti mengi unayoyaona yamepita mikononi mwake, na bado yanafunga vizuri. Alianza kunywa kama wengine, Jumamosi baada ya kazi. Mama yake alipougua akawa anakunywa ili apate usingizi. Tulipomzika akawa anakunywa ili aweze kuamka. Mikono ikaanza kutetemeka, na fundi wa kuchomelea ambaye mikono inatetemeka hapewi kazi, na asiye na kazi ana siku nzima ya kunywa. Msichana aliyekuwa akingoja kuolewa naye akachoka kungoja, akaenda zake Kitui mjini. Sikumlaumu.

Halafu vitu vikaanza kutoroka nyumbani. Redio ikaenda, betri ya sola ikaenda, viatu vyangu vya kanisani vikaenda bila mimi. Mwisho akaenda beberu wa Kathini. Kathini ni jirani yetu ng'ambo ya mto mkavu, rafiki mkubwa wa marehemu mke wangu, na beberu huyo alikuwa wa mbegu, mwekundu, mzito, anajulikana mpaka Ikutha. Mwau alimwendea akamwambia nimemtuma amwazime akapande mbuzi wangu. Kathini akampa bila kuuliza, kwa sababu jina langu lilikuwa bado zuri. Beberu hakufika kwangu. Nilipojua nilimpelekea beberu mwingine kufidia, naye akamkataa. Alisema si mimi niliyemwibia. Tangu hapo tukawa tunasalimiana vizuri na kuachana hapo hapo.

Kanisani tulimwombea Mwau. Mchungaji alimwekea mikono, Mwau akalia, nami nikalia, na kabla ya Jumapili nyingine alikuwa amelala kando ya ukuta wa baa. Sisemi kwamba maombi hayafanyi kazi. Mimi ni mzee wa kanisa na ninaomba kila siku. Nasema tu kwamba nilipovunjika mguu waliniombea, na bado wakanipeleka hospitali.

Aliyesema neno hospitali kwanza ni Mutanu, binti yangu, mwalimu kule Kitui mjini. Alisema ndugu yake ni mgonjwa. Nilikasirika, nikamuuliza ni ugonjwa gani huo unaojua njia ya kwenda baa. Mutanu hakubishana nami. Ana tabia hiyo kutoka kwa mama yake, ya kukuacha umalize kelele kisha anaendelea na alichokuwa anafanya. Alichokuwa anafanya ni kutafuta. Alipiga simu huku na huku, akauliza wauguzi, akauliza walimu wenzake ambao nyumba zao zilikuwa na shida kama yetu, na nikashangaa nyumba hizo ni nyingi namna gani. Alikwenda mahali pamoja akakuta watu wamefungiwa vyumbani, wamekaa sakafuni, na mwenye mahali hapo akamwambia asijali, watakuja kumchukua kijana kwa kamba. Mutanu aliondoka bila kuaga. Mahali pengine palikuwa pamejaa. Mambo ya ada alisema nisimuulize, yeye na mumewe wanajua. Mwisho akapata kituo kidogo karibu na Kibwezi, cha makanisa, akaja kunichukua twende tukakione kwa macho.

Kituo kiko kando ya mto, na wagonjwa wenyewe wanamwagilia sukuma na vitunguu. Mshauri wao ni Gathua, mtu mrefu, mtaratibu, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a kuja kufanya biashara kwenye barabara ya Mombasa. Alituambia bila kuzunguka kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulala kwenye mitaro ya Kibwezi. Akatueleza kwamba mtu aliyekunywa kama Mwau hawezi kukatishwa pombe ghafla nyumbani, anaweza kupata kifafa akafa, kwa hivyo aanzie hospitali kwanza, akishatulia ndipo aje. Nafasi moja ilikuwepo. Angetushikia mpaka mwisho wa mwezi, kisha angempa mwingine, kwa sababu wanaongoja ni wengi. Nikamuuliza kama wana mlango wenye kufuli. Niliuliza kwa matumaini.

"Mzee, hapa hakuna kufuli," Gathua akasema. "Kitanda naweza kumpea. Kutaka, siwezi kumpea."

Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha na hofu. Mwau alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni, macho mekundu, mwembamba ndani ya shati lake. Mutanu akamweleza yote polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, ataenda. Kisha akasema ataenda baada ya mvua.

Hapo hasira ilinipanda mpaka masikioni. Naijua hiyo "baada ya" yake. Ilikuwa baada ya Krismasi, ikawa baada ya kupalilia, ikawa baada ya mazishi ya mjomba. Nikamwambia kwamba akingoja mvua hii tutamzika nayo. Mutanu alinishika mkono ninyamaze. Mwau alikuwa akitazama chini.

"Nani atachimba, tata?" akaniuliza mimi baba yake. "Matuta yote yalibomoka mvua ya mwisho. Lile la juu, la katikati, na lile la karibu na mgunga. Na mgongo wako umeisha. Unaamka umeshika ukuta."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ilikuwa kweli. Matuta yalikuwa yamebomoka pale pale aliposema, kumbe alikuwa akitembea shambani wakati mimi nikidhani yuko baa. Na mgongo wangu sikuwa nimemwambia mtu. Hata katika hali ile, kijana wangu alikuwa ameniona nikishika ukuta. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, nikaenda kufungia mbuzi badala yake.

Mutanu aliporudi Kitui nilikaa nikawaza. Zamu ya mwethya iliyokuwa inafuata ilikuwa ya Kathini. Yangu ilikuwa ya mwisho kabisa, na kufika hapo mvua ingekuwa mlangoni na Gathua ameshampa mtu mwingine kitanda. Lakini shamba langu likichimbwa sasa, Mwau hangekuwa na sababu tena, awe ameisema kwa kweli au kwa kujificha. Kubadilishana zamu kunaruhusiwa, wenyewe wawili wakikubaliana. Kati ya wanawake wote wa kundi lile, wa kumwomba alikuwa Kathini.

Nilimkuta akipepeta mbaazi. Akanipa kigoda. Nikamweleza kila kitu, kituo, kitanda, matuta, hata mgongo, na yeye akapepeta tu. Nilipomaliza aliniuliza ni nani hasa anayehitaji hiyo zamu. Nikasema ni Mwau.

"Basi akuje Mwau," akasema.

Nilimpelekea Mwau ujumbe huo, naye akasema hawezi, hawezi kumtazama mama yule usoni. Akaingia ndani akajifunika shuka. Nikajua mambo yameishia hapo. Sikumsukuma, si kwa hekima, ni kwa kuchoka.

Asubuhi nikamkuta amenyoa ndevu. Alikuwa amejikata hapa na pale kwa sababu ya ile mikono. Hakuniambia anaenda wapi. Alishika njia, nami nikamfuata kwa mbali, kwa sababu mbele kuna njia panda, mkono mmoja ni kwa Kathini na mwingine ni sokoni. Alipofika pale alisimama. Nami nikasimama, nikainama kujifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa akala za tairi. Akasimama sana. Kisha akavuka mto mkavu, akaenda kwa Kathini.

Nilijibanza kwenye ua wa miiba nikasikiliza. Sioni haya kusema hivyo, mzazi yeyote angejibanza.

"Mwaitu," Mwau akamwambia, na hilo ndilo neno alilokuwa akimwitia mama yake, "ile mbuzi yako niliuza mimi. Tata hakunituma. Niliuza nikakunywa yote."

Kathini akamuuliza sasa anataka nini. Akasema anataka zamu yake, shamba la baba lichimbwe, kisha aende hospitali.

"Na tukichimba, halafu usiende?"

"Sijui, mwaitu," akasema. "Nataka kwenda. Lakini sijui."

Kathini akasema sawa, achukue zamu. Ila zamu yake yeye ikifika, Mwau naye atachimba kipande kwake kama watu wengine. Mwau akakubali. Mimi pale uani nikaona Kathini amesahau kwamba wakati huo kijana atakuwa Kibwezi, lakini sikuwa katika hali ya kumkumbusha. Baadaye nilimuuliza kwa nini alikubali haraka hivyo. Alisema kama Mwau angemwapia kwamba ataenda, angemnyima.

Siku ya mwethya wanawake walikuja na majembe begani wakiuliza kama Mama Kimeu ameloweka mahindi. Mwau akatoka nyumbani na jembe lake, akamwomba mwenyekiti ampimie kipande. Mwenyekiti alinitazama, kisha akamtazama Kathini, kisha akapima. Wote walisikia harufu. Alikuwa amekunywa kidogo asubuhi ile, na sikumkataza, kwa sababu daktari wa hospitali ya misheni tuliyopanga aanzie alikuwa ameshatuonya kama Gathua kwamba asikate ghafla mpaka tumfikishe kwake. Mzee wa kanisa mzima, nilisimama nikatazama mwanangu akinywa ili aweze kushika jembe. Hiyo siku niliacha kumuuliza Mutanu ni ugonjwa gani.

Alianza vizuri. Tuta letu ni lile la kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, kazi ya mgongo hasa, na mwanzoni alikwenda sambamba na wale akina mama. Jua lilipopanda mikono ikaanza. Jembe likamponyoka, akaliokota, likamponyoka tena. Mwisho alikaa ndani ya mtaro wake ambao haujafika hata nusu, akaficha uso kwenye magoti, na mabega yakawa yanatikisika. Wimbo haukukatika. Kathini alikuwa upande wake wa kulia, mwanamke mwingine upande wa kushoto. Wote wawili walipomaliza vipande vyao hawakusimama, waliendelea kuchimba wakiingia kwenye kipande chake, mmoja huku, mwingine kule, mpaka wakakutana mbele ya magoti yake. Hakuna aliyemwambia kitu. Kathini alimnyooshea mkono, akamwinua, wakaja kula. Muthokoi siku hiyo haukuungua, na niliona wamesikitika kidogo kwa kukosa la kusema.

Walipoondoka, Mwau alizunguka shamba lote. Lile tuta la juu lilikuwa limesimama, la katikati limesimama, la karibu na mgunga limesimama. Akarudi akakaa karibu nami.

"Imeisha," akasema.

Nikasema ndiyo, imeisha.

"Tata, naogopa."

"Hata mimi," nikamwambia.

"Na nikishindwa huko?"

"Utanipigia simu, nije nikuchukue, tutafute mahali pengine."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamwekea mkono kichwani, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu akiwa wa kubebwa. Nampenda mwanangu. Watu wa rika langu hatusemi hivyo, tunauliza kama umekula, lakini nampenda, na siku hiyo nilimpenda mpaka kifua kikauma. Nikamuuliza kama ameshiba.

Hospitali walimlaza, wakampa dawa, na ilikuwa vigumu. Alitokwa na jasho, akaona vitu ambavyo havikuwepo, akaniita kwa jina la marehemu mjomba wake. Mutanu alichukua ruhusa akaja tukakaa naye kwa zamu. Kisha siku moja akaomba uji, akaunywa, kikombe kikabaki kimetulia mkononi. Tukakodi Probox, tukampeleka Kibwezi. Tulipovuka mto Athi aliniambia niache kumwambia dereva namna ya kuendesha. Nilifurahi kukaripiwa.

Gathua alitungoja langoni. Geti lile la kituo lilikuwa limeinama, ukilifungua linakwaruza chini. Mwau alilishika, akaliinua kidogo, akainama kulitazama.

"Hii bawaba ilishikwa vibaya," akasema.

Gathua akamwambia kwamba jambo hilo linamngoja mtu wa kulirekebisha. Mwau akachukua mfuko wake. Aliingia kwa miguu yake mwenyewe, na hakugeuka kutuaga. Kabla hatujaondoka Gathua alituvuta kando. Alisema kwamba siku moja Mwau atapiga simu akitaka kurudi, wote hupiga, na akitaka kutoka hakuna atakayemzuia. Alituomba tu sisi tusije mbio kumchukua. Nikamwambia sawa. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshaahidi kinyume.

Zamu ya Kathini ilifika mawingu yakiwa yameanza kujikusanya upande wa Yatta. Nilikwenda na majembe mawili, langu na la Mwau, kwa kuwa deni la kipande nilikuwa nalikumbuka, nami nilikusudia kuchimba viwili hata kama ningebebwa kurudi nyumbani. Mwenyekiti alipokuwa anapima, Kathini akamwambia apime na cha Mwau. Kikapimwa, pale mwisho wa tuta kubwa la juu. Nikaenda kusimama hapo na jembe.

"Toka hapo, Kimeu," Kathini akasema. "Hicho si chako."

Nikamwambia Mwau hayupo, yeye mwenyewe anajua hayupo. Wanawake wakasema basi tukichimbe wote pamoja kama siku ile. Kathini akakataa.

"Siku ile tulimmalizia," akasema. "Hiki atamaliza mwenyewe."

"Mvua iko hapa," nikamwambia. "Maji yote itapita hapo."

"Ipite."

Akanipokonya jembe la Mwau, akalitia ndani ya nyumba yake nyuma ya mlango. Tulichimba shamba lake lote, tuta baada ya tuta, tukaacha lile pengo. Sijawahi kuona kazi ya kijinga namna hiyo. Mtu yeyote wa Ukambani anajua tuta lenye pengo ni heri lisingekuwepo, maji yote ya juu yanakusanyika na kutafuta tundu hilo hilo. Nilirudi nyumbani nikinung'unika njia nzima, nikimwita Kathini kichwa ngumu na mengine ambayo sitayataja. Nilipofika mlangoni niliona kwamba ninalia, na haikuwa hasira. Zaidi ya Kathini, hakuna mtu, hata mimi, aliyekuwa amepanga kitu chochote ambacho Mwau angerudi kukifanya.

Mvua ikaja, na ikaja kwa nguvu. Shamba langu lilishika maji yake vizuri. Kwa Kathini maji yalipita palipoachwa, yakachimba korongo, yakateremka na ndengu zake zilizokuwa zimechipua. Nilichukua mawe kwenye toroli nikaenda kuziba. Alinifukuza, mvua ikinyesha, amesimama chini ya paa na mikono kiunoni.

Siku ya Jumapili, ambayo ndiyo siku yao ya simu, Mwau alipiga. Sauti yake ilikuwa safi. Alisema aliyekuwa akilala kitanda cha jirani ameondoka zake asubuhi. Alisema mvua inaponyesha juu ya mabati anasikia kiu mpaka kwenye meno. Alisema Gathua ni mtu mzuri, chakula ni kizuri, na yeye hawezi tena.

"Kuja unichukue, tata. Uliniambia utakuja."

Nilikuwa nimesimama tayari. Kofia ilikuwa mkononi, sikumbuki nikiichukua. Nilikuwa nimeahidi, na mtoto wangu alikuwa akiniita, na hakuna mzazi anayejua kukaa chini akiitwa hivyo. Nilijua pia kwamba nikimleta wiki ile, Krismasi haitamkuta hai. Nikatafuta la kumwambia. Maneno ya Gathua sikuyaona, mistari ya Biblia sikuiona. Nilichokiona mbele yangu ni lile korongo. Nikaanza kumlalamikia Kathini kama nilivyokuwa nikimlalamikia kwa kila mtu wiki nzima. Nikamwambia kwamba tulichimba kwake, kwamba alikataa kipande chake yeye Mwau kisichimbwe na mtu, nilichukua jembe akanipokonya, nilileta mawe akanifukuza, na sasa ndengu zimekwenda na maji mpaka mtoni, yote kwa sababu ya kichwa chake ngumu.

Nikasikia mvua ya Kibwezi ikipiga mabati.

"Kipande yangu?" akauliza.

"Yako. Ile uliahidi."

"Na maji imeharibu sana?"

"Imeharibu. Bado inaharibu."

"Na jembe yangu?"

"Ameweka nyuma ya mlango. Amesema hiyo kazi ni yako."

Nilimsikia akivuta pumzi, akashindwa, akavuta tena, na nikajua analia. Nilingoja aseme nije. Kama angesema, ningekwenda.

"Tata," akasema mwishowe. "Mwambie asipatie mtu mwingine hiyo kazi."

Nikasema nitamwambia. Akaniuliza kama mgongo unauma, nikamwambia hauumi, akasema anajua ninadanganya, na akakata simu aende kula pamoja na wenzake.

Niliweka kofia kichwani nikaenda, lakini si Kibwezi. Nilivuka mto, ambao sasa ulikuwa na maji ya magotini, nikamkuta Kathini ameinama akipanda ndengu nyingine kando ya korongo, akiwa ameacha nafasi ya mtu kusimama na jembe. Nikamweleza kwamba Mwau amepiga simu, kwamba alitaka kurudi na sasa anabaki, na nikampa ujumbe kama nilivyotumwa, kwamba asimpatie mtu mwingine hiyo kazi.

Kathini hata hakuinuka.

"Kwani nilikuwa nampatia nani?" akasema, akaendelea kupanda.